SOMO: Kuvuka zamu za mwanzo ukiwa Uskoti kwenye Medieval II: Total War

Picha ni ile ile kila mara: Edinburgh imezingirwa, hazina imeenda chini ya sufuri, halafu swali, "Mkubwa, sasa nifanyeje?" Ikifika hapo hakuna la kufanya, anza upya. Hii gemu ya vita na kujenga himaya, inayochezwa kwa zamu, ni ya 2006, lakini tangu iingie kwenye simu mwaka 2022 maswali hayaishi. Naandika mara hii moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Uskoti inaanza mwaka 1080 na mji mmoja tu, Edinburgh. Uingereza ina London, Nottingham, na Caen ng'ambo ya bahari. Ukishindana naye kwa wingi wa askari umekwisha. Kazi yako ya mwanzo ni kuokota miji ya waasi, yaani isiyo ya taifa lolote, kabla yeye hajaiokota. Vita naye vitakuja vyenyewe.

1. Kabla kampeni haijaanza, chagua kusimamia miji yote mwenyewe. Usipochagua, mji usio na gavana utaendeshwa na kompyuta, na kompyuta haina huruma na pesa zako.

2. Jenga barabara au mashamba. Basi.

3. Tuma mjumbe kusini. Kila taifa unalokutana nalo, omba haki za biashara, kisha uliuzie ramani yako. Ndiyo, ramani. Mwanzoni mwa kampeni kompyuta hununua ramani kwa pesa nzuri kabisa, nawe hupotezi kitu. Binti mfalme naye anafanya kazi hiyo hiyo, msimwache amekaa nyumbani.

4. Gawa jeshi mara mbili: kikosi kidogo Inverness, kikubwa York. York kwanza, kwa sababu Uingereza naye anaimezea mate. Waasi wa mjini kwa kawaida hawatoki kukufuata, kwa hiyo usiogope kuiacha Edinburgh na walinzi wachache. Kuzingira kunakula zamu nzima ukisubiri ngazi na magogo ya kuvunjia lango. Ukitanguliza jasusi, huenda akakufungulia lango, ukaingia zamu hiyo hiyo.

5. Papa. Hapa ndipo wengi wanazikwa, kwa hiyo soma polepole. Ukishakuwa na York, utaitazama Nottingham na utaiona ina walinzi wachache. Mkono utawasha. USIGUSE. Wewe ni Mkatoliki na Uingereza ni Mkatoliki. Ukimvamia, Papa atakuonya uache, na ukikaidi atakutenga na Kanisa. Ukishatengwa, miji inaanza kuchafuka, na mataifa mengine yanaweza kuitiwa vita vya msalaba dhidi yako, wewe mwenye kibanda cha omena kando ya supamaketi. Subiri yeye aanze. Uingereza hana subira, mara nyingi atakuvamia hata kama mlitia sahihi ya urafiki juzi. Akikuvamia, kaa ndani ya kuta, ujilinde, umwachie Papa amwonye yeye. Akikaidi, akitengwa, sasa nenda Nottingham: kumpiga aliyetengwa hakukuharibii jina kule Roma. Wakati unasubiri, jenga kanisa dogo, funza kasisi, na uangalie misalaba yako kwa Papa (alama ya jinsi anavyokupenda) inaongezeka.

Onyo: Papa akifa, mara nyingi waliotengwa husamehewa. Angalia hali ya Uingereza kila zamu kabla hujatoa jeshi. Usitegemee ulichokiona zamu tatu zilizopita.

6. Mijini weka wanamgambo, kwa sababu miji hulisha kadhaa wao bila malipo. Ngome hazina nafuu hiyo. Askari wa kulipwa wakae mpakani au warudi nyumbani.

MASWALI

Kijana wa Kondele: Mkubwa, nimevamia Nottingham na Papa amenitenga. Nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Kondele: Nimeisoma lakini ni ndefu.

Jibu: Kampeni yako itakuwa fupi.

Mgeni Nakuru: Mbona mimi sioni Uskoti kwenye orodha?

Jibu: Kwenye kompyuta unaanza na mataifa matano tu: Uingereza, Ufaransa, Hispania, Venice na Dola Takatifu ya Kirumi. Cheza Uingereza kwanza, ufute Uskoti, nayo itafunguka. Kwa hasara hiyo utajua pia jirani yako anavyofikiri.

Mwalimu wa Kakamega: Asante kwa somo. Naomba kuuliza, kwa nini tusianze na Dublin? Nayo ni ya waasi, na Uingereza iko mbali nayo.

Jibu: Swali zuri, mwalimu. Dublin inataka meli, na jeshi likiwa ng'ambo halirudi haraka York ikiguswa. Tena ukichelewa Dublin zamu chache, mara nyingi bado utaikuta. York ukichelewa, utaikuta na bendera ya Uingereza, na hapo unarudi kwenye shida ya Papa. Nenda Dublin ukishamaliza Inverness, na kile kikosi cha kaskazini. Jambo lingine: ukoo wa kifalme wa Uskoti ni mdogo, kwa hiyo vita dhidi ya waasi wakati mwingine mpe kapteni wa kawaida aviongoze. Akishinda vita vigumu, gemu inaweza kukuuliza umwingize kwenye ukoo. Umepata jenerali bure.

Mwalimu wa Kakamega: Hilo la kapteni sikulijua kabisa. Na wale wa mikuki mirefu? Wangu wanaitupa mikuki wanachomoa panga.

Jibu: Ni kasoro ya gemu yenyewe, si wewe. Wasimamishe tu, wangojee adui awafikie, usiwaamuru washambulie.

Omena Kavu: Pesa zangu ziko chini ya sufuri na sina vita na mtu. Gemu inaniibia?

Jibu: Hesabu askari wako.

Omena Kavu: Wako wengi kidogo.

Jibu: Haya.

Nyalenda Juu: Jana nikiwa katikati ya vita vya York stima ikapotea. Nikiwasha, niko kabla ya vita.

Jibu: Kwenye kompyuta huwezi kusevu katikati ya vita. Sevu kabla hujaingia, kila mara, na kwa jina jipya, usiandike juu ya ile ya zamani. Wenye laptopu, chajini kwanza ndiyo mzingire mji.