Daftari la safu nne: namna ya kuzihoji Injili kama chanzo cha historia

Kwa miaka kadhaa nilifundisha darasa la Biblia la vijana. Siku moja binti mmoja aliinua mkono, vidole vyake viwili vimebana kurasa mbili tofauti za Agano Jipya. "Mwalimu, Yesu alisulubiwa saa ngapi?" Marko 15:25 inasema ilikuwa saa tatu. Yohana 19:14 inasema yapata saa sita, na wakati huo Pilato bado alikuwa kwenye kiti cha hukumu. Nikamjibu papo hapo kwamba Yohana alifuata saa za Kirumi zinazoanza usiku wa manane, kwa hiyo saa sita yake ni alfajiri. Yeye aliridhika. Mimi sikuridhika, maana jibu lile nililipokea kwa mtu na sikuwahi kulipima.

Nililipima usiku uleule. Yohana 11:9 Yesu anauliza kama saa za mchana si kumi na mbili, yaani hesabu ni ya tangu jua linapochomoza, ileile tunayotumia sisi katika Kiswahili. Warumi nao, ingawa siku yao ya kisheria ilianza usiku wa manane, walihesabu saa za mchana tangu mapambazuko. Kwenye saa zao za jua adhuhuri ni VI. Basi saa tatu ya Marko ni saa tatu yetu ya asubuhi, na saa sita ya Yohana ni saa sita yetu ya mchana. Hazikubaliani. Usiku huo nikachukua daftari kubwa, nikachora mistari mitatu ya wima nikapata safu nne. Daftari hilo ninalo hadi leo, na namna ya kulitumia ndiyo nataka kukuonyesha.

Punguza swali

Usianze na "Je, Biblia ni ya kweli?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu Biblia ni maktaba. Ina mashairi, sheria, barua, mithali, maono na masimulizi, na kila aina hupimwa kwa namna yake. Chukua dai moja tu, linalotaja mtu, mahali au wakati: je, sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu (Siria) anayetajwa katika Luka 2:2, ilifanyika Herode akiwa hai? Je, Paulo alikutana na Petro? Liandike juu ya ukurasa kabla hujaanza kusoma, ili ukifika katikati usije ukalibadilisha liendane na jibu unalolipenda.

Soma kwa upana

Wengi wetu tumezoea kuisoma Injili moja kutoka juu hadi chini, kisha nyingine. Ukisoma hivyo, hadithi nne huyeyuka kichwani zikawa moja. Zisome kwa upana: tukio moja, Injili nne, safu kwa safu. Nakushauri ukurasa wa kwanza uwe asubuhi ya kaburi, maana ndipo imani yote inapoegemea.

Juu ya safu andika Mathayo 28, Marko 16, Luka 24, Yohana 20. Pembeni andika maswali: nani alikwenda? Alimkuta nani? Aliambiwa nini? Alifanya nini baadaye? Sasa jaza, ukitumia maneno ya andiko lenyewe na si kumbukumbu yako. Marko anataja wanawake watatu, Mathayo wawili, Luka anataja watatu kwa majina na wengine pamoja nao, Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake. Kwa Marko yupo kijana mmoja aliyeketi, amevaa vazi jeupe. Kwa Mathayo ni malaika anayeshuka na kulivingirisha jiwe. Kwa Luka ni watu wawili. Kwa Yohana malaika wawili, lakini Mariamu anawaona baadaye, baada ya kukimbia kuwaita Petro na mwenzake na kurudi.

Hapa wasomaji hugawanyika makundi mawili, na yote mawili hukosea. Kundi la kwanza hupiga kelele kwamba kila tofauti ni uongo. Kundi la pili huziunganisha zote kwa gundi mpaka itoke hadithi ya tano ambayo hakuna mwandishi hata mmoja aliyeiandika. Wewe tenganisha tofauti ya kunyamaza na tofauti ya kukana. Idadi ya wanawake ni ya kunyamaza: Yohana anamtaja mmoja, lakini tazama Mariamu huyo anavyosema katika 20:2, "hatujui walikomweka." Hatujui. Kuna wenzake ndani ya kitenzi hicho. Mimi tofauti hiyo siihesabu kuwa kosa.

Lakini shuka chini kidogo. Marko 16:8 wanawake wanakimbia, wala hawamwambii mtu neno, kwa maana waliogopa. Mathayo 28:8 wanapiga mbio kwenda kuwapasha wanafunzi habari. Halafu, wanafunzi walitakiwa kwenda wapi? Kwa Marko na Mathayo, Galilaya, na kwa Mathayo ndiko wanakomwona, mlimani. Kwa Luka wanaambiwa wakae mjini Yerusalemu hadi wavikwe uwezo, na kila mara anaposimulia Yesu akiwatokea watu, ni Yerusalemu na jirani yake. Hiyo ni tofauti ya kukana, au inakaribia sana. Nilipoujaza ukurasa huo mara ya kwanza nilikaa nao muda mrefu, kalamu mkononi.

Ukipewa maelezo ya kuondoa mgongano, yapime hivi: je, ungeyakubali kama yangetolewa kutetea kitabu cha dini usiyoifuata? Ukiona ungeyakataa kule, yakatae na huku. Kipimo hiki kinauma, lakini sijapata kilicho cha haki kuliko hicho.

Hesabu mashahidi upya

Nilizoea kusema "Injili tatu zimeshuhudia jambo hili," kama vile watu watatu wameingia mahakamani kila mmoja kwa mlango wake. Fungua Marko 13:14. Yesu anazungumza na wanafunzi wake juu ya chukizo la uharibifu, na katikati ya maneno yake kuna kijineno: asomaye na afahamu. Asomaye? Waliokuwa mlimani walikuwa wakisikiliza, si kusoma. Hayo ni maneno ya mwandishi kwa msomaji wake. Sasa fungua Mathayo 24:15. Kijineno kilekile, mahali palepale pa hotuba. Watu wawili waliosikia hotuba moja wanaweza kukumbuka maneno yanayofanana, lakini hawawezi wote wawili kukatiza sentensi kwa kumgeukia msomaji pale pale, isipokuwa mmoja ameliona andiko la mwenzake au wote wameliona andiko moja.

Hii ni sababu mojawapo ya wataalamu wengi kuona kwamba Marko aliandika kwanza, na Mathayo na Luka wakakitumia kitabu chake. Kwa hiyo pale wanapofuatana na Marko neno kwa neno, hesabu shahidi mmoja. Pale wanapombadilisha, simama uulize kwa nini. Marko 10:18 Yesu anauliza, mbona unaniita mwema? Katika Mathayo 19:17, kwenye nakala za kale, swali limekuwa: mbona unaniuliza juu ya lililo jema? Mtu fulani alisumbuliwa na swali la kwanza.

Ubatizo nao ni hivyohivyo. Marko anasema tu kwamba Yesu alibatizwa na Yohana Mbatizaji. Mathayo anaongeza Yohana akitaka kumzuia. Injili ya nne inamleta Yohana akishuhudia Roho akishuka, lakini tendo lenyewe la kubatiza hailisimulii. Mabadiliko haya, kwa mshangao wangu, yaliniongezea uhakika kuhusu tukio lenyewe: jambo linalowapa waandishi taabu kulieleza si rahisi walitunge wao.

Nani aliandika, na lini

Hapa nitapita haraka. Hakuna Injili ambayo ndani yake mwandishi anajitaja kwa jina la Mathayo, Marko, Luka au Yohana. Majina yamo kwenye vichwa. Askofu Papias, mwanzoni mwa karne ya pili, anamtaja Marko kuwa mkalimani wa Petro, nasi tunayasoma maneno yake kupitia Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya nne. Askofu Irenaeus, yapata mwaka 180, anazitaja zote nne kwa majina tunayoyajua. Luka mwenyewe, katika mistari minne ya kwanza, anasema wazi kwamba alipokea habari kutoka kwa walioona, naye hajihesabu miongoni mwao. Msome polepole hapo, maana ni mwandishi anayekueleza alivyofanya kazi yake.

Chanzo cha mapema zaidi ni barua za Paulo, zilizoandikwa kuanzia miaka ya 50. Wagalatia 1:18-20 ndipo ninapompeleka kila anayeniambia kwamba Yesu hakuwahi kuwepo. Paulo anasema alipanda Yerusalemu, akakaa na Kefa (yaani Petro) siku kumi na tano, akamwona pia Yakobo ndugu yake Bwana, kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Anaapa kwa sababu anabishana. Anataka kuonyesha kwamba hakujifunza sana kwao. Mtu anayepunguza ukubwa wa mkutano huwa hautungi mkutano wenyewe. Ukimaliza, weka kando yake Matendo 9:26-28, uone Luka anavyoisimulia safari hiyo kwa sura nyingine.

Nakala si tukio

Utaambiwa kwamba Agano Jipya lina nakala za Kigiriki zaidi ya elfu tano zilizoandikwa kwa mkono. Ni kweli. Lakini nyingi mno ni za Zama za Kati. Kipande cha mafunjo kilichoko Manchester, kinachoitwa P52, kina maneno machache ya Yohana 18, na kwa kawaida huwekwa katika karne ya pili; ukubwa wake haujazi kiganja. Vitabu vikubwa vya kale, Sinaiticus na Vaticanus, ni vya karne ya nne.

Vikague kwa sehemu tatu. Katika vitabu hivyo viwili Marko anaishia 16:8, wanawake wakiwa kimya. Mistari ya 9 hadi 20 haimo. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, hakimo pia. Na katika 1 Yohana 5:7, maneno ya Baba, Neno na Roho Mtakatifu kuwa mashahidi mbinguni hayamo katika hati za kale za Kigiriki. Erasmus, mtaalamu aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyatia katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kuletewa hati moja yenye maneno hayo. Fungua tafsiri yako mahali hapo pote uangalie mabano na tanbihi. Mimi nilikuwa nimeyapita mabano yale mara nyingi bila kujiuliza yamewekwa na nani.

Jambo moja lishike sana: wingi wa nakala unakusaidia kujua mwandishi aliandika nini. Hauwezi kukuambia kama alichoandika kilitokea. Wahubiri na wapinzani wao huchanganya mambo haya mawili kila siku.

Nje ya Biblia

Sasa rudi kwa Kirenio. Mathayo anasema Yesu alizaliwa zamani za mfalme Herode, ambaye kwa hesabu inayokubaliwa na wengi alikufa mwaka 4 KK. Luka naye anaanza habari zake siku za Herode, kisha anauunganisha uzazi na sensa ya Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Josephus, mwanahistoria Myahudi, anaeleza kwamba sensa hiyo ilifanywa baada ya Arkelao kuondolewa madarakani, mwaka 6 BK. Na Arkelao ni nani? Mathayo 2:22 inakujibu: ni mwana wa Herode aliyetawala Uyahudi baada yake. Kuna takriban miaka kumi kati ya kifo cha Herode na sensa hiyo. Nimesoma njia nyingi za kuliziba pengo hili, na hakuna iliyopita kile kipimo changu.

Luka huyohuyo, hata hivyo, katika Matendo 17 anawaita wakuu wa Thesalonike kwa cheo ambacho maandishi ya mawe yamethibitisha kuwa kilitumika huko. Liwali Galio anayemtaja katika Matendo 18 ametajwa kwenye maandishi yaliyopatikana Delphi, yanayomweka Akaya, jimbo la Kirumi huko Ugiriki, yapata mwaka 51 au 52. Kwa hiyo usimwandikie Luka alama moja kwa kitabu kizima. Jiwe lenye jina la Pilato lilipatikana Kaisaria mwaka 1961, nalo linathibitisha Pilato na cheo chake, si mazungumzo yake na Yesu. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, akiandika yapata 116, anasema Kristo aliuawa chini ya Pilato, enzi ya Tiberio. Josephus anamtaja Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Fungu lake jingine kuhusu Yesu, refu zaidi, wengi wanaona limeguswa na mkono wa Mkristo, kwa hiyo lisome kwa tahadhari.

Chini ya kila ukurasa naandika mojawapo ya maneno matatu: hakika, yaelekea, haijulikani. Kwa penseli, maana nimeshafuta mengi.

Yule binti nilimrudia wiki iliyofuata. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba jibu langu lilikuwa si sahihi, nikampa ukurasa wake. Kusulubiwa chini ya Pilato: hakika. Saa: haijulikani. Aliusoma, akaniuliza kwa nini basi Yohana aseme saa sita. Tukafungua pamoja 1:29, Mwana-kondoo wa Mungu. Kisha 19:14, Maandalio ya Pasaka, siku ya kuchinja wana-kondoo wa Pasaka, ilhali kwa Marko Pasaka ilikuwa imekwisha kuliwa usiku uliotangulia. Kisha 19:36, mfupa wake hautavunjwa, na Kutoka 12:46 linakotoka agizo la mwana-kondoo wa Pasaka. Akachukua penseli yangu, akaandika kwenye safu ya nne: "Huenda Yohana anahesabu kondoo, si saa." Chini yake akaongeza: yaelekea.