Gari inamisi? Jua silinda gani kwanza ndio utoe pesa

Kumisi ni pale silinda moja inaacha kuunguza petroli kwa zamu yake. Mimi nilishapoteza pesa ya koili nne (koili ni kile kifaa kinachopeleka umeme kwa plagi) ndio maana naandika hii. Spacio yangu, ile ya injini ya 1NZ, ilianza kutetemeka asubuhi moja kwa jamu ya Jinja Road, Kampala, usukani unacheza, kiti kinacheza, ukikanyaga mafuta inavuta kama mtu ameifunga kamba nyuma. Fundi akafungua boneti, akasikiliza kidogo tu, akasema ssebo (bwana) koili zote zimeisha. Nikanunua nne za mtumba, tukafunga, na kesho yake gari inatetemeka vilevile. Shida ilikuwa plagi moja, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda.

Kwanza hakikisha kweli inamisi. Washa gari, iache bila kukanyaga mafuta, enda nyuma ushike karatasi karibu na mdomo wa salensa. Injini nzima inasukuma karatasi sawasawa, pu-pu-pu-pu, ile inayomisi inaruka, pu-pu-pu halafu kimya kidogo. Alafu angalia taa ya cheki injini. Ikiwaka tu imetulia unaweza kuendesha pole pole mpaka nyumbani, lakini ikipepesa usiendelee, maana petroli haijaungua inaingia kwa katalaiza (ile ya kusafisha moshi kwa bomba la salensa) na ile kitu inapata moto mpaka inayeyuka ndani (kama ya kwako bado iko, maana zingine zilishatolewa zamani).

Pia jikumbushe ilianza lini. Ukitoka tu woshingi bei na vijana wamepiga injini maji ya presha, karibu jibu umeshapata, maji yameingia kwa mashimo ya plagi. Toa koili, omba jamaa wa matairi akupulizie upepo, kausha, rudisha. Ikimisi ukiwa umesimama tu lakini ukikanyaga inanyooka, sikiliza kama kuna mpira umepasuka unavuta hewa, unasikia sssss karibu na intake, njia ya hewa kuingia injini. Ikimisi ukipanda kilima, mfano unapanda Naguru na watu wanne ndani, hapo mimi naangalia plagi na koili kwanza.

Skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ukiipata inasaidia sana. Inakupa namba ya kosa: P0300 ni kumisi huku na huku, lakini P0301 mpaka P0304 namba ya mwisho ndio silinda, na kwa Toyota hizi ambazo injini imelala kukingama unahesabu moja kutoka upande wa mikanda. Shida ni kwamba gari nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani haziongei na zile skana ndogo za bluetooth, usishangae ikikataa kukoneki.

Bila skana, iache injini inawaka, chomoa soketi ya koili moja kwa sekunde chache, sikiliza, rudisha, enda ingine. Ukichomoa na injini ikazidi kutetemeka, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kinachobadilika, umempata mwizi. Hii ni kwa gari zenye koili juu ya kila plagi. Corona na Carina za zamani zenye distribyuta na waya usishike waya na mkono mtupu, ule umeme utakurusha. Kwa hizo ngoja usiku, fungua boneti mahali pa giza injini ikiwaka, waya mbovu utauona unatoa cheche za bluu pembeni.

Sasa tuseme ni silinda ya 2. Usinunue kitu bado! Zima, ngoja injini ipoe, fungua bolti ya 10 ya koili, badilisha koili ya 2 na ya 3. Washa. Kama ugonjwa umehamia 3, koili ndio imekufa, nunua moja, MOJA. Kama umebaki 2, badilisha plagi za hizo hizo silinda (spana ya plagi ni ya 16) uone tena.

Na ukitoa plagi iangalie vizuri kwa jua. Kahawia kidogo ni nzuri, nyeusi kavu kama masizi petroli ni nyingi, ikiwa imelowa oili kwa nje basi gasketi ya kava ya juu inavuja. Ya kwangu ilikuwa na kamstari keusi kembamba kwa ile kauri nyeupe, kama mtu amechora na penseli, nusu nilidhani ni uchafu nikakafuta na kitambaa. Hakakutoka. Ulikuwa ni ufa, umeme unapita hapo badala ya kuruka chini kwa ncha ya plagi. Plagi mpya pima nafasi, 1NZ ni milimita 1.1, na uzungushe na mkono kwanza mpaka ikae, hedi, pale plagi inaingia, ni ya alumini, ukilazimisha na spana utakata nyuzi.

Koili umebadilisha, plagi umebadilisha, ugonjwa bado uko 2? Basi ni nozeli (ile inayopuliza petroli) ama kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Nozeli unahamisha vilevile kama koili ingawa kazi ni ndefu kidogo. Kompresheni inataka geji, zote nne zikaribiane, na ile iko chini mwagia kijiko cha oili kwa shimo upime tena. Ikipanda ni ringi za pistoni, ikikataa kupanda ni valvu ama gasketi ya hedi. Hapo sasa ndio unampigia fundi, na unamwambia "silinda ya 2 haina kompresheni", usimwambie "gari inatetemeka", maana hiyo ya pili ndio iliniuzia koili nne.