Mzazi mwenye ulemavu wa akili kaitwa ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu mwanawe: unasimamaje naye, hatua kwa hatua

Naandika kwa yeyote anayetaka kuwa mtetezi wa mzazi wa namna hii. Mi kazi hii naifanya hapa Tanga, sanasana Makorora na Ngamiani. Kwanza kabisa jua kwamba mtetezi huru hatumwi na ofisi na hatumwi na ukoo, kama shangazi mtu anamtaka huyo mtoto na ndo anayekupa nauli basi mwachie mwingine hiyo kazi.

Hatua ya 1, nenda kwake mapema. Sio asubuhi ya kikao, nenda hata mara tatu kabla, kaa mkekani, muulize anataka nini na uandike vilevile alivyosema, usimnyooshee maneno. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu alale kwangu, mchana bibi aje." Basi. Ukoo mzima ulikuwa unagombana mtoto aende kwa bibi moja kwa moja au abaki, kumbe mwenyewe msaada hakuukataa, alichokataa ni kunyang'anywa, ila hamna aliyemuuliza. Siku hiyohiyo mwambie na hili: nikiona mtoto anaumia kweli sitaficha, ila utasikia kwangu wewe kwanza.

Hatua ya 2, ivunjeni ile barua ya wito kwa maneno mepesi. Neno kama "tathmini" mtu anaweza kudhani ni polisi wanakuja. Halafu usimuulize "umeelewa?" manake atasema ndio, mtu aliyeitwa taahira tangu utoto anazoea kuitikia haraka yaishe. Sema, "Hebu nihadithie, Jumatano tunaenda kufanya nini?" Akikwama mnarudi nyuma. Mi natembea na daftari la kuchora, jua ni asubuhi, mwezi ni usiku, kikombe ni uji.

Hatua ya 3, beba ushahidi wa anachokiweza. Hapa ndo watu wengi wanapakimbia na ndo penye kazi. Kadi ya kliniki chukua, lakini nenda mbele zaidi. Yule mama alilaumiwa kwamba hampi mtoto dawa sawasawa, aliambiwa mililita 5 kutwa mara tatu, na vile vistari vya kwenye bomba la dawa hajui kuvisoma. Tukapaka rangi ya kucha nyekundu kwenye ule mstari, nikamwambia vuta mpaka kwenye nyekundu, tukafanya na maji mara kumi hivi, kesho yake nikarudi nikamkuta anafanya peke yake. Kikaoni bomba tulikwenda nalo, na glasi ya maji, akaonyesha mwenyewe, na ofisa aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini akamwangalia.

Hatua ya 4, sheria ijue kidogo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Tanzania iliuridhia 2009, na ibara ya 23 inakataza mtoto kutenganishwa na mzazi kwa sababu ya ulemavu, uwe wa mtoto au wa mzazi. Kwa hiyo muulize ofisa kwa adabu: mtoto amepata madhara gani, na mama amepewa msaada gani mpaka sasa? Ikielekea mahakamani tafuteni msaidizi wa kisheria mapema, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure.

Hatua ya 5, kikaoni kaa ubavuni mwake, usikae mbele yake. Omba waulize swali moja moja, omba mapumziko, na akinyamaza subiri, hata kama kimya kinakuchoma. Kikao changu cha mwanzo kabisa nilimjibia mzazi kila swali nikiamini namwokoa, tulipotoka nje akaniambia, "Hata moja hukuniachia." Mpaka leo linaniuma.

Hatua ya 6, kabla hamjaondoka pata maandishi ya nani atafanya nini na lini, kisha yachoreni kwenye daftari. Na usipotee baada ya hapo, manake mtoto anakua na mahitaji yanageuka, aliyejua kupima dawa sasa itabidi ajue siku za shule. Kwa yule mama bado napita Jumamosi, bibi anakuja mchana kama walivyokubaliana, na ukurasa tuliofikia sasa ni wa begi na soksi.