Kabla ya kununua ua la ndani, angalia jani jipya linatokea wapi

Miche mingi kwenye vitalu vya Arusha na Moshi huuzwa ikiwa bado midogo, na kila mmoja unapendeza ndani ya kiriba chake. Shida huja mwaka wa pili, mmea uliouweka kando ya tivii unapoanza kuziba kioo. Basi kabla hujalipa, kagua chipukizi.

Jani likitokea kileleni tu, huo ni mmea wa kwenda juu. Masale ya Wachaga ni hivyo: majani ya chini hupukutika, linabaki shina kama fimbo. Yanafaa kona ya nyuma ya kochi. Yakikaribia dari, kata shina kwa kisu kikali. Macho huchipua chini kidogo ya mkato. Kipande cha juu, sentimita 20 hivi, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kitoe mizizi.

Chipukizi likipenya udongoni, pembeni mwa mmea, ujue utatanuka. Sansevieria (ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga) ikibanwa hupasua hata kopo la plastiki, kwa hiyo chagua chungu kipana kuliko kirefu, chenye matobo chini. Zamioculcas (ZZ), ambayo asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, ina kiazi kinachotunza maji. Ukimwagilia kila siku kitaoza: bua linageuka njano, ukilivuta linang'oka bila ubishi. Maji kila wiki mbili au tatu yanatosha, na kwenye baridi ya Juni na Julai pale Arusha unaweza kusubiri mwezi.

Kwenye monstera (ile ya majani mapana yenye matobo) na pothosi (ile ya majani ya kopa) tazama vifundo vya shina. Mizizi ya hewani ikichomoza hapo, mmea unatafuta pa kupandia. Pothosi iliyoachwa ining'inie hubaki na majani madogo. Ikipata mti wa kuparamia, majani yanakua makubwa. Zungushia mti gunia, uloweshe, uusimike upande ule inakotokea mizizi. Funga shina tu; ukifunga kikonyo cha jani, jani litashindwa kugeukia mwanga na litajipinda. Monstera iachie mita moja kila upande, la sivyo kila apitaye atachana majani.

Iliyobaki ni ya shada, kama saintpaulia ya milima ya Usambara, ambayo majani yake yote hutoka katikati. Iweke mezani, si juu ya kabati, maana uzuri wake huonekana ukiitazama kwa juu. Maji yamwage udongoni. Yakituama katikati ya shada, moyo wake unaoza. Dirisha la kaskazini huingiza jua mwezi Juni, la kusini Desemba. Majira hayo isogeze nusu mita kutoka kwenye kioo.