Lenzi zipi za kubeba ukienda kutembea mjini: hesabu picha zako kwanza

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia picha ya kitanda chake. Lenzi tano zimejipanga kama askari wa gwaride, na chini yake kaandika: "Kaka, nakwenda siku nne tu, nichukue zipi?" Nikamjibu: mbili. Akauliza mbili zipi, na hapo ndipo tulipokaa kwenye simu hadi usiku. Nayaandika kwa mpangilio ule ule tuliofuata.

Mifano yangu ni ya kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, maana ndiyo aliyonayo yeye na ndiyo niliyonayo mimi. Mwenye fulu fremu (sensa kubwa zaidi) azidishe urefu wa fokasi, yaani ile namba ya milimita ya lenzi, ndogo huona pana na kubwa huvuta mbali, mara 1.5, na mwenye Micro Four Thirds (sensa ndogo zaidi) achukue robo tatu yake. Yaani 35 mm yangu kwenu ni kama 50 na kama 25 hivi.

Hatua ya 1: Ondoa usichokwenda kupiga

Ndege, mechi, wadudu wa karibu. Kama havimo kwenye ratiba, lenzi zake zirudi kabatini sasa hivi. Kwa mdogo wangu zilibaki tatu.

Hatua ya 2: Hesabu picha zako za zamani

Hatua hii ndiyo iliyonila jioni nzima miaka kadhaa iliyopita, kisha ikanifanya nibebe lenzi ya bure safari nzima. Isome polepole.

Kila picha ya kamera ya kidijitali huhifadhi ndani yake urefu wa fokasi uliotumika. Ukichukua picha za safari zako mbili tatu zilizopita na kuhesabu, utaona wewe ni mtu wa lenzi gani, badala ya kukisia au kusikiliza watu kama mimi. Katika Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, nenda Library, bonyeza alama ya \ ili kichujio kitokee juu, chagua Metadata, kisha badilisha safu moja isome Focal Length. Idadi itaonekana pembeni ya kila urefu. Usiyetaka kulipia programu, ExifTool ni ya bure na mimi naipenda zaidi kwa sababu haina mapambo. Andika hivi kwenye dirisha la amri la kompyuta:

exiftool -T -r -Rating -Model -LensModel -FocalLength picha > orodha.txt

Neno "picha" ni jina la folda yako. Faili litakalotoka lifungue kwenye programu yoyote ya majedwali.

Rahisi, sivyo? Mimi nilihesabu, nikakuta 18 mm imeshinda kwa mbali. Nikajiambia: kumbe napenda picha pana! Nikatafuta lenzi ya 10-18, nikaibeba siku tano, na picha nilizozipenda kutoka kwayo hazikujaza kiganja. Kosa halikuwa kwenye hesabu. Kosa lilikuwa kwenye kuisoma.

Kwanza, nilihesabu kila picha. Ukibonyeza mfululizo picha arobaini za lango moja, lango hilo limekupigia kura arobaini. Hesabu zile ulizozipa nyota tu, au zile ulizowahi kumtumia mtu. Ndiyo maana nimeweka Rating, yaani nyota, kwenye ile amri. Kama hujawahi kutoa nyota, keti utoe.

Pili, na hili ndilo kubwa, zumu (lenzi inayobadilika urefu) ya 18-55, ukiwasha kamera mara nyingi iko 18. Kwa hiyo rundo la picha kwenye 18 linaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: ama ulitaka upana zaidi ukakwama ukutani, ama hukuigusa zumu kabisa. Namba haiwezi kukwambia ni ipi. Fungua picha kumi za 18 uzitazame pembeni. Kama kuna mnara uliokatwa kichwa au ua ulioshindwa kuenea, basi kweli unahitaji upana. Kama nusu ya chini ni lami tupu na nusu ya juu ni anga, hukuhitaji lenzi pana, ulihitaji kusogea hatua sita mbele. Zangu tisa kati ya kumi zilikuwa lami.

Mwisho wa pili wa zumu nao vilevile. Rundo kwenye 55 linaweza kumaanisha ulitamani kwenda mbali zaidi. Lakini hapa tazama kama uliikata picha baadaye, kwa sababu ukikata picha, urefu wa fokasi uliohifadhiwa haubadiliki. Picha ya 35 uliyoikata ikabaki nusu ya upana wake ni sawa na ya 70, na orodha bado itasema 35. Mdogo wangu alikuwa na nyingi za namna hiyo, nyuso za watu alizozichomoa kutoka kwenye picha za barabara.

Tatu, ondoa picha za simu. Kamera ya simu huandika urefu wake halisi, ambao ni milimita chache tu, na ukizichanganya jedwali lote linachafuka. Chuja kwa safu ya Model, yaani jina la kamera. Nayo lenzi ya zamani isiyo na umeme wa kuongea na kamera huacha nafasi wazi au huandika sifuri, usidhani ni hitilafu.

Nne, angalia programu yako inaonyesha urefu halisi au ule uliogeuzwa kuwa wa fulu fremu. Nyingine huonyesha vyote viwili kwa majina yanayofanana, na ukichanganya utajikuta unatafuta lenzi ya 52 ambayo haipo. Iliyoandikwa kwenye lenzi yenyewe ni 35.

Ukishasafisha hivyo, mara nyingi kunabaki vilima viwili, yaani sehemu mbili za urefu zenye picha nyingi zaidi. Kwa mdogo wangu kimoja kilikuwa kati ya 20 na 25, kingine karibu na 35 ukijumlisha zile alizokata kidogo.

Hatua ya 3: Lenzi ya mchana

Zumu ndogo inayofunika kilima kikubwa. Basi. Ile 18-55 iliyokuja na kamera inatosha. Mchana kuna mwanga, na kwenye f/8 (namba ya f ni tundu la mwanga la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa) itakuwa kali kuliko watu wanavyoisema. Sipendi zile za 18-200. Ni nzito, haziingizi mwanga mwingi ukizivuta mbele, na zinamfanya mtu asimame sehemu moja akizungusha mkono badala ya kutembea.

Majengo marefu ukiyainulia lenzi pana yataegemea nyuma kama yanataka kulala. Shikilia kamera ikitazama mbele sawa bila kuiinua juu, rudi nyuma, kata sehemu ya chini baadaye.

Hatua ya 4: Lenzi ya giza

Mji una maisha mawili, na la pili huanza jua likizama. Hapo 18-55 inafika f/5.6 ukiivuta hadi mwisho, wakati praimu (lenzi ya urefu mmoja usiobadilika) ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ina maana ya kupiga kwa sekunde 1/60 mahali ambapo ile nyingine ingetaka takriban 1/6, na kwa 1/6 mtu anayetembea anakuwa moshi. Usidanganywe na kituliza mtikisiko: kinatuliza mkono wako, hakimsimamishi mpita njia.

Praimu ipi? Ile iliyo karibu na kilima chako cha pili. Kwa wengi itakuwa 35 f/1.8 au 23 f/2. Ndani ya majumba ya makumbusho itakufaa pia, kwani mengi yanakataza flashi na stendi.

Hatua ya 5: Ile ya tatu

Mdogo wangu aling'ang'ania lenzi ndefu. "Je nikiona kitu juu ya paa?" Utakitazama. Canon EF 70-200 f/2.8L IS II ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. EF 50 f/1.8 STM ina gramu 160 hivi. Tofauti hiyo huioni asubuhi, unaiona saa tisa alasiri unapoanza kuacha kamera ndani ya begi. Ila kama picha zako za hatua ya 2 zimejaa 200 zisizokatwa, ibebe, na uiache praimu. Sheria yangu ni mbili, si zipi.

Hatua ya 6: Tembea nazo saa mbili kabla ya kusafiri

Begi lile lile, viatu vile vile. Ukibadilisha lenzi, zima kamera, elekeza mdomo chini, upe upepo mgongo.

Hatua ya 7: Funga begi

Lenzi na betri za akiba ziende nawe ndani ya ndege. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Mengine unayajua.

Mdogo wangu aliondoka na 18-55 na 35. Ujumbe wake wa kwanza kutoka huko: "Kaka, hatukuongelea chaja."