Kukarabati nyumba ya kwanza Dodoma: uanzie wapi, na kazi umpe nani

Anayenunua nyumba yake ya kwanza huvutwa na vinavyoonekana: rangi, marumaru, dari ya jipsamu. Kwa Dodoma, pesa ikianzia huko mara nyingi hutoka mara mbili kwa kazi ileile. Nyumba zetu huharibiwa na mvua inayoshuka kwa kishindo kati ya Desemba na Aprili, na udongo wa chini unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mchwa humalizia kilichobaki. Kwa hiyo mpango huanza na paa na ardhi, na fundi wa kumwamini ni yule ambaye kazi yake imeshapigwa na msimu mzima wa mvua ikabaki salama.

Ikague nyumba kabla hujaita mtu

Beba daftari, tepu, tochi na bisibisi. Anza nje, zunguka ukuta mmoja baada ya mwingine, andika kila kitu unachokiona na upige picha.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu si za kukosesha usingizi. Lipu ilikauka haraka, basi. Ufa wa kuogopa ni unaoshuka mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, umekata tofali zenyewe, na upana wake umezidi milimita 5. Huo husema msingi unacheza. Hutokea zaidi bondeni, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka mapande kiangazi na kunata kwenye viatu mvua ikinyesha. Kabla ya kulipa mtu auzibe, upime: paka plasta ya jipsamu kukatiza ufa, upana wa viganja viwili, uandike tarehe juu yake. Plasta ikikatika baada ya wiki au miezi kadhaa, ukuta bado unatembea. Ufa wa namna hiyo ukizibwa kwa saruji utarudi palepale, na hapo unahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, aje aone msingi, maana fundi lipu hawezi kuutibu.

Mara nyingi dawa yenyewe ni kuyaondoa maji karibu na msingi. Weka gata zinazomwaga maji mbali, kisha mwaga mkanda wa zege wenye upana wa mita 1 kuzunguka nyumba, ukiinamia nje kwa sentimita 3 hadi 5. Angalia pia chemba na shimo la choo: likivuja karibu na ukuta, linaulowesha udongo upande mmoja huku mwingine ukiwa mkavu, na nyumba inainama.

Halafu tazama sehemu ya chini ya kuta. Lipu ikimenyeka hadi usawa wa goti na kuacha unga mweupe wa chumvi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ama hakukuwekwa kizuizi cha unyevu juu ya msingi, ama udongo wa nje umejazwa mpaka ukapita sakafu ya ndani. Chimba, uushushe uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta huo ni kuufungia unyevu ndani. Baada ya mvua moja rangi itabanduka kwa mapande.

Darini panda mchana, ukae kwanza bila tochi. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Kisha washa tochi na udunge kenchi kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta. Ncha ikizama kirahisi, mbao imeliwa. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni barabara za mchwa, kuvifagia hakusaidii. Huchimbwa mtaro mdogo wa sentimita 30 ukiambatana na msingi, ukamwagiwa dawa ya mchwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, udongo nao ukanyweshwa dawa unaporudishwa.

Jambo moja usilifanyie mzaha: paa la karatasi nene za kijivu zenye mawimbi, zinazovunjika badala ya kupinda, huenda ni asbesto. Zimo kwenye baadhi ya nyumba za zamani. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu huleta magonjwa yanayojitokeza miaka mingi baadaye. Fundi asilipige nyundo, asilikate kwa msumeno, na vipande visitupwe dampo la mtaa. Uliza NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, utaratibu wa kuliondoa na kulizika.

Mwisho, funga mabomba yote, soma mita ya maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, usubiri saa mbili bila mtu kutumia maji. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja, huenda ni bomba la chini ya sakafu.

Mpangilio wa kazi na wa pesa

Ukishajua kilichoharibika, tenga akiba ya dharura kabla ya kugawa pesa nyingine yoyote: asilimia 15 ya bajeti, na 20 kama nyumba ni kuukuu. Ukuta ukifunguliwa huonyesha yaliyofichika, na akiba isipokuwepo, kazi husimama katikati huku mafundi wakihamia kwingine.

Kazi hufuatana hivi: msingi, kuta na maji ya nje, paa, fremu za milango na madirisha, mabomba na nyaya za umeme zinazopita ukutani, lipu, dari, marumaru, rangi, na mwisho taa, masinki na makabati. Hasara nyingi hutokana na kuuvuruga mfuatano huu. Fundi umeme akija baada ya rangi, atachimba ukuta upya, na kiraka chake kitaonekana siku zote hata kipakwe rangi ya kopo lilelile.

Paa lifunguliwe kati ya Mei na Oktoba. Kumbuka tu kwamba miezi hiyo upepo wa Dodoma ni mkali: bati lililoshikizwa msumari mmoja mmoja lisilale hivyo. Mwambie fundi, kila eneo linaloezekwa lipigiliwe kikamilifu kabla ya jioni.

Kama unagusa kuta zinazobeba paa, unaongeza chumba au unabadilisha matumizi ya nyumba, chukua kibali cha ujenzi Halmashauri ya Jiji kabla ya kuanza. Kazi isiyo na kibali inaweza kusimamishwa, na fundi atadai siku zake alizokaa bure. Kwa nyumba iliyopimwa enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kwenda halmashauri, linganisha mipaka ya kwenye hati na ukuta uliopo kabla hujamwaga msingi mpya.

Hesabu za kufanya mwenyewe

Asiyejua kiasi cha vifaa hununua kila anachoambiwa. Hesabu hizi zinatosha kukulinda.

Lipu ya unene wa milimita 15, kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano, hula takriban mifuko 10 ya kilo 50 kwa kila mita za mraba 100, pamoja na mchanga karibu mita za ujazo 1.7. Saitini, mfuko mmoja huchanganywa na ndoo 9 za lita 20 za mchanga. Ukikuta ndoo 14 au 15, ukuta utakwaruzika kwa ukucha. Saruji ya daraja la 32.5 inafaa lipu na kujenga tofali, 42.5 iwekee zege la lenta, nguzo na bimu.

Mchanga wa makorongo huja na tope. Jaza chupa ya plastiki mchanga wa sentimita 10, ongeza maji, tikisa, uache hadi kesho yake. Utando wa tope juu ya mchanga ukizidi milimita 8, usilipokee hilo lori.

Marumaru za sentimita 40 kwa 40 ni 6.25 kwa mita ya mraba. Za 60 kwa 60 ni 2.78. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinataka 75 za kwanza, uongeze asilimia 10 za kukatwa na kuvunjika, ziwe 83. Nunua zote siku moja na usome namba ya rangi kwenye kila boksi, kwa sababu toleo jingine la marumaru hizohizo huweza kutofautiana kwa weupe. Rangi ya maji, lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 hutosha mita 100 kwa mikono miwili kwenye ukuta laini.

Sasa maji, ambayo watu huyasahau kwenye bajeti. Hewa ya hapa ni kavu na upepo haupumziki, hivyo zege na lipu hupoteza maji kabla saruji haijakomaa. Matokeo yake ni nyufa, na lipu inayolia kama debe tupu ukiigonga. Zege limwagiwe asubuhi na jioni kwa siku 7 likiwa limefunikwa kwa magunia au nailoni. Lipu nayo inyunyiziwe kwa siku zisizopungua 3. Ukuta wa zamani ulowanishwe kabla ya kupigwa lipu, la sivyo tofali zitainyonya. Kwa mgao wa maji, nunua tangi mapema au weka boza kwenye bajeti, na uandike kwenye mkataba nani anamwagilia. Jukumu hili lisipoandikwa, hakuna anayelifanya. Tangi la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani 2: lijengewe jukwaa lake, lisikalie ukuta wa nyumba.

Lipu mpya ipewe wiki 4 kabla ya rangi.

Fundi wa mtaa au mkandarasi?

Rangi, marumaru, dari na lipu ya chumba kimoja ni kazi ya fundi mzuri wa mtaa. Ukifika kwenye msingi, bimu, ghorofa au kuondoa ukuta unaobeba mzigo, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Muombe cheti, kisha wewe mwenyewe uhakikishe jina lake na daraja lake kwa bodi. Cheti cha kwenye simu peke yake hakitoshi. Fundi umeme aonyeshe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muulize atatumia nyaya gani: ukisikia milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi na 4 hadi 6 kwa hita na jiko, anajua kazi. Akisema waya mmoja unafaa kote, mshukuru umuage.

Omba bei kwa watu watatu, wote wakipewa karatasi ileile ya kazi yenye vipimo. Ukiwaeleza kwa mdomo, kila mmoja atapiga hesabu ya kazi yake mwenyewe na bei hazitalinganishika. Bei iliyo chini sana kuliko zingine mbili huwa imesahau kitu, na kitu hicho utakilipia katikati ya kazi. Dai mchanganuo unaotenganisha vifaa na ufundi.

Kisha omba anwani za kazi mbili alizomaliza, zilizopita angalau msimu mmoja wa mvua. Nenda Ilazo, Kisasa au Nkuhungu zilipo, ubishe hodi kwa heshima, umuulize mama au baba mwenye nyumba mambo matatu: palivuja? alirudi alipoitwa? bei iliongezeka kwa sababu gani? Gonga marumaru kwa kifundo cha kidole. Zinazotoa mlio wa uwazi hazikushikwa na saruji. Nyumba iliyokabidhiwa wiki iliyopita haikuambii chochote, zote hung'aa.

Sikiliza pia maswali yake anapokuja kwako. Fundi anayeuliza maji ya paa yanaelekea wapi, meni swichi iko wapi, na kama utakuwa unaishi humo wakati wa kazi, tayari anafikiria nyumba. Anayeanza na "Bosi, nipe advansi kwanza" anafikiria kwingine.

Mkataba na malipo

Andikeni, hata kama ni kazi ya siku nne. Mkataba utaje kazi kwa vipimo, aina ya vifaa, nani ananunua, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kwamba nyongeza yoyote inaandikwa na kusainiwa kabla ya kufanyika. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA cha kila upande, na msaini mbele ya mashahidi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa mkataba wa ufundi tu, advansi isizidi asilimia 20. Inayobaki ilipwe kwa hatua inayoonekana kwa macho: "lipu ya vyumba vitatu imekamilika na kumwagiliwa", kamwe isiwe "kila Jumamosi". Mkataba wa jumla, ambapo fundi ananunua vifaa, ni hatari zaidi kwa anayeanza. Ukiuchagua, lipia vifaa vikiwa vimefika saitini. Zuia asilimia 10 ya malipo kama dhamana. Kwa kazi za ndani iachie baada ya mwezi mmoja, lakini kwa paa na gata ibaki hadi mvua kubwa ya kwanza, na fundi alijue hilo tangu siku ya kusaini ili lisigeuke ugomvi.

Kabla ukuta haujafungwa, mabomba yajazwe maji kwa presha na kuachwa saa 24. Wakati huohuo piga picha ya kila ukuta ukiwa na tepu iliyonyooshwa kutoka sakafuni na kutoka konani, nyaya na mabomba yakionekana. Siku ya kupigilia kabati la jikoni, utajua mahali pa kutotoboa.