Namna ya Kukabidhi Ndege Iliyofunguliwa kwa Zamu Inayofuata

Makabidhiano ya zamu hayaanzi dakika kumi kabla ya muda wa kutoka. Huanza pale fundi anapofungua skrubu ya kwanza. Fundi anayesubiri mwisho wa zamu ndipo aandike alichofanya huandika kwa kukumbuka, akiwa amechoka, na analolisahau mara nyingi huwa ndilo lile ambalo anayeingia hawezi kuliona kwa macho. Kwa hiyo kila kinachofunguliwa, kulegezwa, kuchomolewa au kuzimwa kiandikwe kwenye kadi ya kazi wakati uleule, kabla ya mkono kugusa kitu kingine. Ukiwa na muda wa kufuata sharti moja tu katika mwongozo huu, fuata hili.

Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 11 Septemba 1991, wakati ndege ya Continental Express, aina ya Embraer 120, ilipovunjika angani karibu na Eagle Lake, Texas, na kuua watu wote 14 waliokuwamo. Usiku uliotangulia, mafundi walikuwa wakibadilisha mipira inayovimba ili kuvunja barafu kwenye ukingo wa mbele wa bawa dogo la mkia. Kazi ilikuwa imeanzia upande wa kulia, lakini mkaguzi wa zamu ya jioni, kwa nia ya kusaidia, aliondoa pia skrubu 47 za sehemu ya juu upande wa kushoto. Zamu ikabadilika, upande wa kulia ukakamilishwa, na ndege ikarudishwa kazini bila skrubu zile. Za chini zilikuwa bado mahali pake, na mkia wa ndege hiyo umeinuka juu sana, hivyo mtu aliyesimama chini gizani hakuwa na namna ya kugundua pengo hilo.

Ukiitazama ajali hiyo kwa makini, utaona kwamba taarifa zilikuwapo. Zilipita tu njia zisizofika. Mkaguzi aliyeingia alisoma daftari la zamu kabla mwenzake hajaandika chochote kuhusu ndege ile. Fundi mmoja aliyeelezwa kazi kwa mdomo alipangiwa ndege nyingine baadaye, na maelezo yakaondoka naye. Ndiyo maana kazi hukabidhiwa kwa yule atakayeifanya, si kwa aliye karibu. Mpango ukibadilika, aliyepokea naye ana wajibu wa kukabidhi upya. Msimamizi apange zamu mbili zipishane kwa muda wa kutosha, na asimpe anayeingia kazi nyingine kabla makabidhiano hayajaisha. Mkaguzi naye akishashika bisibisi, amekuwa fundi wa kazi hiyo, na lazima ikaguliwe na mtu mwingine.

Makabidhiano yafanyike kwenye ndege yenyewe, si ofisini wala kwenye maegesho ya magari. Anayetoka na anayeingia wasimame mbele ya kazi, kadi ikiwa mkononi, wapite hatua kwa hatua huku wakigusa kila sehemu iliyoguswa; panapohitaji jukwaa, wapande wote wawili. Kisha anayepokea arudie kwa maneno yake mwenyewe hali aliyoikuta na hatua inayofuata. Hapo ndipo kutoelewana hujitokeza, kwa sababu kuitikia kwa kichwa hakuthibitishi chochote.

Maandishi nayo yana namna yake. Sentensi kama “nimesaidia kuondoa mipira” haimsaidii mtu, kwa kuwa haisemi ni upande gani, kimeondolewa kiasi gani na kimebaki nini. Andika hivi: “Ukingo wa mbele, upande wa kushoto: skrubu 47 za juu zimeondolewa na zimo kwenye mfuko wenye lebo; za chini hazijaguswa; mpira wa zamani bado upo.” Mfuko huo usiachwe kwenye jukwaa la kupandia, bali ufungwe pamoja na lebo mahali paonekanapo. Kitu kilichorudishwa kwa muda na kushikizwa kwa vidole tu ni hatari kuliko kilicho wazi, kwa sababu kinafanana na kilichokazwa. Ukilazimika kukiacha hivyo, weka lebo juu yake na uandike kwenye kadi kwamba hakijakazwa.

Anayepokea ana mzigo sawa na anayetoa, na kwa maoni yangu upande huu hufundishwa kwa uchache mno. Tarehe 23 Februari 1995, Boeing 737-400 ya British Midland ililazimika kutua Luton, Uingereza, baada ya injini zote mbili kupoteza karibu mafuta yake yote ya kulainisha. Usiku uliotangulia, injini zilikuwa zimechunguzwa ndani kwa darubini ya kuchungulia. Fundi aliyeianza kazi aliikabidhi kwa mdomo, aliyeipokea akakatizwa mara nyingi, na vifuniko vya mahali pa kuzungushia rota, yaani sehemu ya ndani ya injini inayozunguka, havikurudishwa. Injini hazikuwashwa ili kuangalia uvujaji baada ya kazi. Kwa hiyo usianzie pale unapoambiwa mwenzako aliishia. Anzia kwenye hatua ya mwisho yenye saini, na isiyo na saini ihesabu kuwa haijafanyika mpaka uione. Ukikatizwa, rudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kuendelea. Usitie saini kwa kazi ambayo hukuiona, hata kama aliyeifanya unamwamini kuliko ndugu yako, na jaribio la mwisho lisirukwe kwa sababu ndege inasubiriwa na abiria.

Kanuni za Ulaya na za Marekani zinaitaka karakana iwe na utaratibu wa kazi zinazokatizwa na mabadiliko ya zamu, hivyo fomu yenyewe huwa ipo. Muda wa kuijaza kwa utulivu ndio hukosekana, hasa kwa mafundi wa usiku ambao miili yao huwa imelegea kabisa karibu na alfajiri.

Ikitokea kwamba anayetoka ameugua au ameondoka kabla ya mwenzake kufika, msimamizi ampigie simu, kadi ipitiwe mbele ya ndege, na kila sehemu iliyotajwa ikaguliwe upya kana kwamba haikuwahi kuguswa na fundi yeyote. Mpaka hapo, ndege isitiwe saini ya kurudi kazini.